Hapa Hapalimwi

Mwanangu Elia,

Barua hii utaikuta ndani ya sweta la kijivu, ukilikunjua. Najua utalikunjua mapema, pengine kabla basi halijafika Mafinga, maana wewe na baridi hamkupatana tangu ulipozaliwa.

Naandika mchana. Wewe umekwenda kumuaga mwinjilisti, na baba yako yuko nyuma ya nyumba anagonga kitu, sijui nini. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo. Lakini nikianza kusema, baba yako hukohoa, wewe huangalia vidole vya miguu yako, na mwisho najikuta nazungumza na kuku. Kwenye karatasi hakuna wa kunikoholea.

Mambo ya sabuni na blanketi, na jinsi ya kumsalimu mjomba wako wa Iyunga kabla hujakaa kwenye kiti chake, muulize baba yako. Anayapenda. Mimi nataka kukujibu ulichoniambia jana jikoni.

Uliniambia hivi, nami nakiandika kama kilivyo usije ukasema nimetia chumvi: "Mama, fyeka tu. Ni msimu mmoja. Wakija wakute majani, waondoke zao, mimi nimalize mafunzo yangu salama. Watu watasemaje wakisikia mama wa msaidizi wa bwana shamba analima ukingoni mwa maji?"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Sikukujibu. Ukaona nimenyamaza, ukadhani nimekubali, ukaenda kuipiga pasi tena kaptula yako mpya ya kaki, ambayo tayari ilikuwa imenyooka kuliko mwenye kuivaa.

Jibu langu ni hapana. Sifyeki. Sababu zake ni hizi, na ukitaka kukasirika, kasirika ukiwa umekaa.

Wewe unavijua vinyungu. Lakini huko Mbeya watakufundisha kuviita kilimo kibaya cha mabondeni, kwa hiyo acha nikukumbushe kabla hawajakusahaulisha. Mvua zikikatika, milimani kunakauka hadi udongo unapasuka, lakini bondeni chini kunabaki na unyevu. Hapo ndipo tunashuka. Tunafyeka matete, tunayalaza chini, tunayafunika kwa udongo mweusi mpaka tuta linasimama, na kati ya tuta na tuta tunachimba mfereji maji yapite. Tunapanda mahindi, njegere, viazi, maboga. Krismasi ikifika, watu wanaotegemea mlima wanakwangua vihenge, sisi tunachoma mahindi mabichi. Kisha mvua kubwa zinajaza bonde, majani yanaota, nasi tunaliacha lipumzike mpaka mwaka mwingine. Mgeni akipita mwezi wa tatu ataona kinamasi na vyura. Akipita mwezi wa kumi ataona chakula. Inategemea amekuja lini, na kama ana macho.

Njegere za mle ndizo zilizokusomesha. Usione haya kulisema hilo mbele za watu. Wenzako wamesomeshwa na ng'ombe, wewe umesomeshwa na njegere, na zote huliwa.

Ndipo ikaja ile amri ya kutolima karibu na maji. Ati tunauporomosha udongo, ati mto unakufa. Kijito kile kinapita pale tangu bibi yangu akiteka maji kwa kibuyu na hakikufa, isipokuwa mara moja, nami nitafika huko. Kijiji cha nyuma ya kilima hawakuisikia amri, au waliisikia wakaipuuza. Wakang'olewa mahindi yao, wakatozwa faini, kisha wanaume wakapelekwa kuchimba matuta ya serikali mlimani, kazi ya bure. Wake zao walikuja kwetu kuomba unga. Tuliwapa, na tulipowapa tukaogopa.

Habari zilipofika kwamba Bwana Shamba sasa anakuja kwetu, Jumbe wetu alifanya anachokifanya kila akiogopa. Aliitisha kikao mahali penye ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, mianzi ndiyo kwanza inaanza kutoa, na wanaume wakaja wote, hata wale ambao kanisani huwa wanaumwa mgongo. Wanawake tulikaa nyuma.

"Neno ni moja tu," akasema Jumbe. "Bwana akiuliza, wote tuseme, hapa hapalimwi."

"Na mahindi je, Jumbe?" akauliza Mama Atilio kutoka kwetu nyuma. "Nayo tuyafundishe kusema hivyo?"

Unamjua Mama Atilio, jirani yetu Mkatoliki, mwenye mdomo ambao hata padri wake anauogopa. Wanaume walicheka. Baba yako naye alicheka. Jumbe akajikuna kichwa, akanywa, akasema mahindi yafyekwe. Yalikuwa yametoa ndevu, Elia. Wiki chache tu tungeanza kuyachoma. Wanawake tukaanza kunung'unika, naye akatunyooshea kikombe chake cha mwanzi.

"Ni msimu mmoja tu, mama zangu. Mtapanda tena."

Ni msimu mmoja. Ndiyo, maneno yako ya jana. Nilipoyasikia yakitoka kinywani mwako nilitaka kugeuka nione kama yule mzee hakuwa amesimama nyuma yako.

Basi tukafyeka. Na hapa nikuambie la kwangu, maana sipendi kuwacheka wengine huku nimejificha migongoni mwao. Wengi walifyeka juujuu, wakaacha mashina yamesimama. Mimi nilifanya kazi safi. Niling'oa mashina. Nilisawazisha matuta kwa jembe, nikajaza mifereji, nikapandikiza matete pamoja na mizizi yake. Kisha nikaenda kuswaga mbuzi wa shangazi yako, nikawapitisha huku na huku mpaka wakaacha kinyesi cha kutosha. Jumbe alipita kukagua akasimama mbele ya kipande changu, akasema, "Mama Elia, hata mimi nisingejua."

Nikafurahi. Nilijisikia kama mtoto aliyesifiwa kwa mwandiko mzuri. Wewe ulikuwa pale unanishikia matete, ukaniuliza tutakula nini Krismasi. Nikakuambia acha maswali ya ovyo.

Akaja mwenyewe, Bwana Shamba. Mtu mwekundu mwenye soksi ndefu mpaka magotini, na nyuma yake mkalimani, kijana wa mjini, aliyekuwa akikanyaga kwa ncha za viatu asije akachafuka. Mkalimani hakuwa na kazi, kwa sababu Bwana mwenyewe alitaka kuonyesha kwamba anajua lugha.

"Hapa nani nalima?" akauliza.

"Hapa hapalimwi, Bwana," akasema Jumbe, kofia mkononi. "Iko majani tu. Mbuzi wanakula."

Unaona? Hata Kiswahili chake alikivunja makusudi ili Bwana asijisikie peke yake. Bwana akapita kwa wanaume mmoja mmoja akiwauliza lile lile. Hapalimwi, Bwana. Hapalimwi, Bwana. Walisema kwa sauti nzuri kuliko wanavyoimba kanisani. Baba yako pia. Baba yako ambaye hawezi kusema uongo juu ya kuku aliyepotea, alisema uongo huo akiwa amesimama wima kabisa.

Kisha yule Bwana akaingia ndani ya kipande changu. Buti likazama mpaka kwenye kifundo. Ule udongo, Elia, mweusi, laini, wenye matete yaliyooza humo miaka na miaka kwa mikono ya mama yangu na yangu. Na mtu huyu, ambaye analipwa kwa kujua udongo, hakuinama hata kuushika. Alikunja uso, akafuta buti kwenye majani, akasema, "Mzuri sana. Nyinyi watu mzuri." Akaondoka.

Nikamdharau. Nilisimama pale nimejaa dharau mpaka kooni, nikidhani mjinga ni yeye peke yake.

Krismasi ile tulikula ugali na mboga za porini, na tulikula tukicheka. Kijiji kizima kilicheka. Tulikuwa tumemshinda Mzungu. Wazee walisimulia jinsi Bwana alivyozama buti, wakaigiza, watoto wakagaagaa chini kwa kicheko. Sijawahi kuona watu wenye njaa wanaojipenda namna ile.

Mvua zilipokwisha, kabla hatujashuka kutengeneza matuta mapya, akaja Mzungu mwingine. Huyu alikuwa wa Kampuni. Alikuja na vijana wenye mabeseni, wakawa wanachota changarawe za kijito, wanazungusha, wanachungulia, wanazungusha tena. Watoto waliwaona kama watu waliorukwa na akili. Siku chache baadaye tukaitwa barazani, na mkubwa mmoja kutoka mjini akatuambia kwamba kuna dhahabu chini ya bonde, na kwamba serikali imeiruhusu Kampuni kuchimba kwa kuwa bonde ni wazi, halina mtu.

Ndipo watu wakapaza sauti. "Lina watu! Panalimwa! Tunalima sisi!" Hata wale waliokuwa na sauti nzuri zaidi mwaka uliopita, sasa ndio waliopiga kelele zaidi.

Yule mkubwa hakukasirika. Alingoja kelele zishuke. Kisha akauliza polepole, na mkalimani wake akatafsiri vizuri kabisa, kila mtu akasikia:

"Bwana Shamba alipokuja mlimwambia hapalimwi. Mlidanganya siku ile, au mnadanganya leo?"

Ungewaona watu wazima walivyonywea. Ukisema nilidanganya siku ile, umekiri kosa, faini, na Jumbe anavuliwa ujumbe. Ukisema sikudanganya, bonde limekwenda. Wote wakamgeukia Jumbe. Na Jumbe wetu, mtoto wa watu waliopigana na Wajerumani, akaangalia kiti chake, akaliangalia bonde, akachagua kiti.

"Hatukudanganya, Bwana."

Mama Atilio akatema mate chini. Mimi sikutema. Niliwaza kipande changu kilivyofanana na pori, nikajua kwamba hata ningesimama na kuapa, asingeniamini mtu, kwa sababu nilikuwa nimeifanya kazi safi.

Fidia je? Fidia hulipwa kwa mazao yaliyopo. Mazao hayakuwepo. Jumbe alipewa karabai. Bonde zima likaenda, naye akapewa karabai, na mafuta akawa anajinunulia mwenyewe.

Mengine uliyaona. Uliona baba yako akiandikwa kibarua, na kwa bahati ambayo sijui nani aliipanga, akawekwa kuchimba kipande chetu. Jioni alirudi na udongo ule miguuni. Nilimpa maji ya kunawa, nikatazama maji yalivyokuwa meusi, nikajua ni tuta gani. Siku hiyo nililia, nikamaliza, sikulia tena juu ya jambo hilo. Baba yako ndipo alipoanza kukohoa kila ninapozungumzia bonde. Wewe unadhani ni kifua.

Na kile kijito kilichosemwa kinauawa na mahindi yangu, Kampuni ilikigeuza uji tangu asubuhi mpaka jioni. Walikizuia, wakakihamisha, wakakichimba tumbo. Kiangazi kile kijito kilikatika kabisa, kwa mara ya kwanza tangu bibi yangu. Bwana Shamba hakuonekana hata siku moja kuja kukisikitikia. Kumbe amri ya kutokaribia maji ilikuwa ya wenye majembe, wenye mashine haikuwahusu. Na dhahabu yenyewe waliyoipata, kwa maneno ya baba yako aliyekuwa akiiona ikipimwa, isingetosha kuziba jino la mzee. Wakaondoka. Wakatuachia mashimo yenye maji yaliyolala, mbu, na mabomba yenye kutu ambayo Jumbe anayalinda mpaka leo kana kwamba ni ng'ombe zake.

Kilichobaki ni kipande cha juu, chini ya chemchemi. Kilipona kwa sababu ya uvivu wa watu. Bwana Shamba hakutaka kupanda kilima, na Kampuni ilikuwa ikishughulika huku chini. Sisi wanawake wa nyumba chache tukahamia huko, tukabanana, kila mmoja na matuta yake machache. Krismasi zote ulizokula vizuri tangu hapo zimetoka huko.

Sasa wanarudi. Ati wamegundua kwamba dhahabu halisi ilikuwa juu siku zote. Watu waliochimba mahali pasipo na kitu kwa miaka miwili wanataka tuwaamini wakituonyesha pa kuchimba tena.

Jumbe alikuja hapa Jumapili ulipokuwa umekwenda kuonyesha barua yako ya mafunzo kwa watu. Hukumkuta. Alisimama mlangoni.

"Kamwene, Mama Elia."

"Kamwene, Jumbe."

"Wanakuja wiki ijayo. Kampuni na Bwana Shamba pamoja, tena huyu ni mpya, mkali. Fyekeni kule juu. Wakikuta mahindi ni faini kila nyumba."

"Na wakikuta majani?"

"Wakikuta majani hakuna faini."

"Wakikuta majani watasema hapalimwi, watachukua. Umesahau, Jumbe?"

"Safari hii nitawaeleza."

"Utawaeleza nini?"

Akafikiri. Naapa alifikiri. Akasema, "Nitawaeleza vizuri."

Kisha, kwa kuwa aliona sitikisiki, akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Elia ni fahari yetu. Elia ataingia serikalini. Elia atavaa kofia. Si vizuri Elia aingie kazini na jina la mama yake liko kwenye kesi. Nikamtazama mzee yule, aliyeuza bonde kwa karabai, akinishauri juu ya jina zuri. Nikamwambia kuku wangu wanataka kulala, apishe mlango. Ilikuwa saa tisa mchana.

Kwake yeye sikushangaa. Nilishangaa jana, neno lile lile lilipotoka kwako. Nakupenda, Elia, unajua, na sina mtoto mwingine wa kumpenda hivi. Na jana nilikudharau. Yote mawili yalikaa pamoja jikoni mle na hakuna lililomfukuza mwenzake. Umeogopa kupoteza kazi ambayo hujaianza. Jumbe angalau alikuwa amekikalia kiti.

Na kibaya zaidi ni hiki, ambacho nadhani hukukifikiria hata kidogo ukiwa na pasi yako. Wewe ndiye utakayekuwa unauliza. Siku moja watakutuma kwenye bonde la watu wengine, huko Usafwa au popote, nawe utasimama ukingoni na kofia yako na soksi zako, uulize nani analima hapa. Na watu watakutazama soksi, watakuambia hapalimwi. Watasema wote kwa sauti moja, nzuri.

Usitazame midomo yao. Tazama wanawake wamesimama wapi. Siku ile ya Bwana mwekundu, sisi wote tulikuwa tumejipanga kwenye mistari, na hatukupanga kujipanga. Kila mmoja alisimama mle ulimokuwa mfereji wake, ingawa mifereji ilikuwa imejazwa na hakuna alama iliyobaki. Hakuna mwanamke aliyekanyaga tuta. Miguu ilikataa yenyewe. Nililiona hilo nikaogopa atagundua, nikataka kuwaambia wenzangu watawanyike. Sikuwa na haja ya kuogopa. Alikuwa anafuta buti.

Ukiwaona hivyo, usiwaumbue, na usiandike wanachosema. Kaa nao. Waambie mama yako aliwahi kulificha shamba lake vizuri sana.

Mimi sina shida na kazi yako. Nilikufundisha herufi kwa mkaa kwenye mlango huu huu ili uende mahali. Nenda. Ninachokidharau ni kwenda huku umeinama.

Basi wiki ijayo watakapokuja, watanikuta kwenye kinyungu. Mahindi yatakuwa yamesimama, sasa hivi yananifika kiunoni, na njegere zimechanua. Mama Atilio atakuwa kwenye kipande cha pili. Wengine sijui, jana nilisikia watu wakinoa miundu, na siwezi kuwashikia mikono. Akiuliza nani analima hapa, nitasema ninalima mimi. Nitasema pia kwamba na kule chini nililima, nikafyeka kwa mikono yangu, nikaficha, na kwamba siku ile tulidanganya na leo hatudanganyi. Swali lao la zamani halijajibiwa mpaka leo, basi nitalijibu.

Watanitoza faini. Huenda nikalala mahabusu ya baraza, na Mama Atilio akanisomea rozari usiku kucha mpaka nijute kuzaliwa Mlutheri. Na huenda wakalichukua bonde vilevile, mimi si mtoto mdogo. Lakini safari hii watachukua shamba. Hawatachukua pori. Itabidi wakanyage mahindi, mchana, huku mwenyewe anawatazama, na itabidi mtu fulani aseme kwa kinywa chake kwamba ameyaona.

Nimetoka nje kidogo kumwita baba yako aje ale. Kumbe alichokuwa akigonga mchana wote ni jembe langu. Amelitia mpini mpya, wa mti mzuri, ameupiga msasa kwa majani mpaka unateleza. Nikamuuliza wa nini, ule wa zamani bado haujavunjika.

"Ule ungekuaibisha mbele ya wageni," akasema.

Kisha akakohoa, akaingia ndani. Nimesimama pale na jembe kwa muda, sikujua nifanye nini na uso wangu.

Habari zitafika Mbeya. Habari mbaya huwa hazingoji basi. Kuna mtu atakuuliza, mbele ya wakubwa au wenzako, kama yule mwanamke wa Kilolo aliyekaidi amri ya serikali ni mama yako. Jibu utakavyo. Ukisema humjui, sitapanda gari kuja kukuumbua. Nimewahi kukikana kilichonilisha, najua jinsi ilivyo rahisi. Ni neno dogo, ukilisema kila mtu anatabasamu, na njaa inakuja baadaye. Lakini mimi wakiniuliza kama nina mtoto, siwezi tena kusema sina. Nitawatajia jina lako lote, pamoja na la baba yako, na mahali ulipo.

Ukitaka nisikutaje, una usiku mmoja wa kuniambia, na hutaniambia kwa sababu utakuwa hujaisoma barua hii. Nimefanya makusudi. Nilijifunza kwa Jumbe kwamba watu wakiulizwa mapema hupata nafasi ya kufyeka.

Juu ya nguo zako utakuta furushi la majani ya mgomba. Ni viazi vya kuchemsha, na chumvi imefungwa pembeni. Vimetoka kwenye kipande cha juu, nimevichimba leo asubuhi. Kwa kuwa wewe, mstahiki bwana msaidizi, unapenda kula umejificha, nakuomba safari hii uvifungue mapajani, basi likiwa limejaa, na umkaribishe mwenzako wa kiti. Atavisifu, maana ni vizuri. Kisha atakuuliza vimelimwa wapi.

Anzia hapo.

Mimi mama yako,
ninayelima chini ya chemchemi.